Na Mmoja Juu

Sogeeni, lakini mniachie nafasi ya kupumua, maana hii siisimulii mara mbili kwa siku moja. Wapo wanaosema nikisimulia mimi chumvi huwa haipimwi. Hao nawaambia waende wakasimame mlangoni pa nyumba ile saa saba mchana, wabishe hodi, kisha warudi waniite mwongo. Hajarudi hata mmoja.

Mambo yalianza na neno dogo tu. Dalali alichana bahasha kwa ukucha wa kidole gumba, akatoa karatasi, akasoma kwa sauti yale ambayo Fundi Funguo aliyaandika kwa mkono wake mwenyewe. Na mwisho kabisa akasoma kitu ambacho Fundi Funguo hakukiandika.

Tuanzie nyuma kidogo, msije mkasema nimewarusha.

Fundi Funguo alikuwa na duka jembamba kama korido, upande huu muuza rangi, upande ule mwanamke anayeshona magodoro, Mama Magodoro. Kufungua kitasa kwake ilikuwa kazi ya kufanya huku akipiga miayo. Mchana alikaa mbele ya pazia na mashine yake ya kuchonga funguo, usiku alilala nyuma ya pazia hilo hilo, na hapo ndipo maisha yake yote yalipoishia. Mkewe alikuwa amefariki mwaka wa nne sasa. Lakini neno lenyewe hakuwahi kulitamka. Mteja akiuliza mama yuko wapi, alijibu, "Hayupo," kama vile katoka kwenda sokoni, na wateja wageni waliendelea kumtumia mama salamu, naye akaendelea kuzipokea.

Alikuwa na binti mmoja, kaolewa mbali, ana watoto wawili wa kike. Binti alipiga simu kila Jumapili jioni, na mazungumzo hayakubadilika.

"Baba, umekula?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Chakula."

Binti alikuwa akicheka hapo, kisha anasema lile linalomchoma mzee: "Tungekuja likizo, baba, lakini tutalala wapi? Juu ya mashine ya funguo?"

Ndiyo maana iliposikika kwamba nyumba ya mtaa wa nyuma inauzwa, ile ya vyumba vitatu na dari ya mbao, Fundi hakulala. Vyumba vitatu. Yeye kimoja, binti kimoja, watoto kimoja. Alikuwa ameshawapangia vitanda kichwani kabla hajauliza bei.

Tatizo, aliitaka na Muuza Mabati, mtu mwenye pesa na tumbo la kuzionyesha. Wiki tatu dalali alikimbia huku na huko, huyu kapandisha, yule kapandisha zaidi. Dalali huyo watu walimwita Kalamu Mbili: moja ya kuandikia, nyingine isiyotoa wino, ya kuazima watu. Mwisho akachoka.

"Mimi si kamba ya kuvutana," akasema. "Kila mtu aandike ofa yake ya mwisho, mara moja tu, aifunge kwenye bahasha kwa gundi. Alhamisi saa tano nafungua mbele ya mama mwenye nyumba. Hakuna kuongeza, hakuna kulia."

Kisha akamvuta Fundi pembeni, akamnong'oneza: "Mzee, weka arobaini na mbili na laki tatu. Mwenzako hafiki hapo. Usinitaje."

Karatasi ya ofa ilikuwa na mistari mitatu. Jina. Kiasi, kwa maneno. Na wa tatu: Watakaokaa. Huo wa tatu aliutaka mama mwenye nyumba, mjane aliyekuwa anahamia kwa mwanawe. Alisema haiuzi kwa mtu wa peke yake hata akija na gunia la noti. "Nyumba ile haitaki mtu mmoja," alisema, na watu wakadhani ni huruma za kizee.

Sasa, Kalamu Mbili alikuwa amempa Fundi ufunguo wa nyumba ile amchongee wa pili, wa kuonyeshea wateja. Fundi akachonga mbili. Mmoja akautia mfukoni, na msimwangalie hivyo, hata ninyi mngefanya. Siku tatu mfululizo, saa saba mchana, jua linapokuwa limesimama kichwani na mitaa imekufa ganzi, alifunga duka, akaenda kuketi sakafuni katika nyumba tupu. Na akaongea.

"Hapa ungeweka kitanda chetu," alisema. "Dirisha hili ungelilalamikia, linaingiza vumbi. Watoto wangelala kile chumba cha pembeni. Ungewafinya wakipiga kelele."

Siku ya kwanza palikuwa kimya. Siku ya pili kimya. Siku ya tatu, juu ya mbao za dari, kitu kiliburutwa polepole kutoka pembe ya mbali, kikaja, kikaja, kikasimama sawasawa juu ya kichwa chake. Kama mtu aliyesogeza kigoda asikie vizuri.

"Panya," alisema Fundi.

Mimi nimeishi na panya. Hawana vigoda.

Ofa yake aliiandikia dukani, mlango umefungwa, ufunguo wa nyumba ile ukiwa mezani kando ya jiliwa, kile chuma cha kubania kazi. Jina akaandika. Kiasi akaandika kwa maneno, herufi moja moja kama anayechonga meno ya ufunguo. Alipofika kwenye Watakaokaa, kalamu ilining'inia. Angeweza kuandika ukweli akakosa nyumba. Akaandika: Wawili. Hapo hapo harufu ikapita, ya nguo zilizofungiwa sandukuni miaka mingi, na ndani yake harufu ya chuma kilichopigwa tupa sasa hivi. Akalamba gundi ya bahasha, na ulimi wake ukapata ladha ya ufunguo baridi. Akaenda nyuma ya pazia kusukutua. Aliporudi, bahasha ilikuwa imeshajifunga, imebanwa vizuri kuliko alivyoilamba yeye.

Alhamisi saa tano, ofisini kwa dalali, ikafunguliwa kwanza ya Muuza Mabati.

"Milioni arobaini na mbili, na laki tatu," akasoma Kalamu Mbili.

Ikafunguliwa ya pili.

"Milioni arobaini na mbili, na laki tatu."

Wanaume wawili wakageuka kumtazama dalali, ambaye kikohozi kilimbana ghafla. Kilipomwachia akarudi kwenye karatasi. "Haijaisha. Imeandikwa... na moja juu."

"Moja nini?" akauliza Muuza Mabati.

"Moja ni moja. Hata ikiwa sarafu moja, bwana mkubwa, imezidi yako."

"Mzee huyu mjanja," alisema Muuza Mabati akiinuka na tumbo lake. "Kanipiga kwa sarafu."

Fundi Funguo hakufungua mdomo. Nani akishinda anauliza kashindaje?

Mama mwenye nyumba alikuwa ameshika ile karatasi, anausoma mstari wa tatu. "Wawili. Mkeo yupo?"

"Yuko njiani," alisema Fundi.

Yule mama alimtazama muda mrefu. Kisha akaweka funguo mbili za zamani mezani, moja moja. "Wewe na yeye," akasema. "Na asichelewe, baba. Pale nafasi haikai wazi."

Wiki mbili baadaye Fundi alihamia na kitanda, meza, na sufuria tatu. Siku ya kwanza aliporudi kula mchana, aliufungua mlango na mdomo ukamtoka wenyewe kwa mazoea ya ndoa ndefu: "Hodi."

"Karibu," ikajibu dari.

Hapo Fundi alisimama na mguu mmoja ndani, na mkono bado uko kwenye kitasa, na akajiambia ni redio ya jirani, akakumbuka jirani hana redio, akajiambia ni mtu anapita barabarani, akageuka na barabara ilikuwa nyeupe kwa jua haina hata mbwa, na ile harufu ya sanduku la nguo ikamshukia usoni taratibu kama pazia, na kitu kikaburutwa juu ya mbao kutoka pembe ya mbali, kikaja, kikaja, kikasimama juu yake, kikangoja.

Haikuwa sauti ya mkewe, hiyo angeijua. Wala haikuwa ya mwanamume. Ilikuwa sauti ya mtu anayejifunza neno.

Alikimbia. Kwani angebaki nani? Alirudi dukani mbio, akachonga funguo tano zilizoharibika zote. Lakini jioni ilipofika alitazama pazia lake, akatazama nafasi ya godoro lililohama, na nitawaambia jambo ambalo yeye mwenyewe hakumwambia mtu: ilikuwa miaka minne tangu mtu amwambie karibu. Alirudi. Akasimama mlangoni, akanong'ona, "Hodi."

"Karibu," ikanong'ona nayo.

Ndivyo walivyozoeana. Sauti haikushuka, na Fundi hakupanda. Mchana alimimina chai vikombe viwili, na alipogeuka, cha pili kilikuwa kikavu, na chini kimebaki kijiduara cha vumbi la chuma. Jumapili binti alipiga simu, wakaongea yale yale, na siku iliyofuata saa saba dari ikauliza, kwa tahadhari, "Umekula?"

"Nimekula," alisema Fundi, nywele zimemsimama.

"Nini?"

"Chakula."

Na juu yake kitu kikacheka, kicheko cha tupa kwenye chuma, krii, krii. Mungu amsamehe, naye akacheka.

Wateja walianza kulalamika. Anafunga saa sita. Amekonda. Mama Magodoro alimchungulia kutoka kwenye pamba zake. "Jirani, unanuka sanduku," alimwambia. Fundi akasema ni joto.

Ikafika Jumamosi moja, karibu saa saba, binti akatokea dukani bila taarifa, mabegi mawili na watoto wawili, amechoka na anacheka. "Si umenunua nyumba? Tumekuja kuivunja."

Fundi aliwakumbatia wote pamoja. Njiani alibeba mabegi yote mawili, akitembea kama kijana. Akaingiza ufunguo mlangoni. Haukuzunguka.

Akautoa, akaufuta kwenye suruali, akaurudisha. Haukuzunguka. Akatoa wa pili. Akatuma kuletewa zana zake. Nusu saa mtu aliyefungua vitasa vya mji mzima alipiga magoti mbele ya kitasa chake mwenyewe, jasho linamdondoka puani, wajukuu wamekaa juu ya mabegi. Alipoweka jicho kwenye tundu la ufunguo, kwa ndani, karibu kabisa, sauti ikasema polepole:

"Tumetosha."

Binti aliinama. "Baba," alinong'ona, "kuna mwanamke humo ndani?"

"Hakuna mtu."

"Nimemsikia."

"Ni upepo, mwanangu."

"Upepo unasema tumetosha?" Binti alimvuta kando, mbali na watoto. "Kama umeoa ungeniambia tu. Mimi si mtoto. Ningeleta hata zawadi."

"Sijaoa."

"Basi ndiyo mbaya zaidi."

Yule mjukuu mdogo alikuwa ameinua uso kwenye tundu la hewa chini ya paa. Alimshika mama yake sketi. "Mama, yule wa juu anatuhesabu."

Binti alitazama, hakuona kitu, lakini rangi ilimtoka. Akachukua mabegi. "Tunalala nyumba ya wageni. Jumatatu asubuhi tunapanda basi. Ukipata nafasi ya kutukaribisha, baba, namba yangu unayo."

Fundi alibaki ameketi kwenye ngazi. Nyumba aliyoinunua kwa ajili yao ilikuwa imewafungia nje. Na nyuma yake, kilipotulia kishindo cha mabegi, kitasa kikalia ka, kikafunguka chenyewe.

Hakuingia. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Magodoro.

Sikuwaambia kwamba yule mama, mbali na magodoro, watu walimwita kwenye nyumba zenye mambo. Hakuwa na manyanga wala mavazi ya kiganga. Alikwenda na gauni lake la kazi, sindano ndefu imechomekwa kifuani. Alisimama nje ya mlango, akavuta hewa mara moja tu, akarudi nyuma.

"Mimi namtoa jini aliyevamia," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu hakuvamia. Ana haki humu. Wewe ulimpa nini?"

"Sikumpa kitu."

"Uliandika wapi?"

Wakamkuta Kalamu Mbili anafunga ofisi. Alitoa jalada huku analalamika kwamba biashara ikiisha imeisha. Mama Magodoro aliipeleka karatasi dirishani, kwenye mwanga, akaweka ncha ya sindano chini ya neno.

"Soma hapa."

"Na moja juu," alisema dalali.

"Soma herufi zote, baba. Umeruka moja."

Kalamu Mbili aliinamia karatasi. "Na... mmoja juu."

Ni mmoja juu, si moja. Mwandiko ule uliiga wa Fundi, lakini wino wake ulikuwa umechimba karatasi kama tupa. Na chini, Watakaokaa: Wawili.

"Mimi nilidhani amekosea," alisema dalali. "Nikasoma kilichokuwa na maana."

"Jini kaandika ofa yake ndani ya bahasha yako," Mama Magodoro alimwambia Fundi. "Wewe ukahesabu wawili, yeye akajaza nafasi. Siwezi kuikata mimi. Kata lile Wawili kwa mkono wako, uandike ukweli, ukausome mle ndani saa saba ile ile. Na useme wa pili yuko wapi."

"Hayupo," alisema Fundi.

"Hilo siyo jibu. Ndilo lililokufikisha hapa."

Jumapili, saa saba. Mama Magodoro alisimama nje, mgongo kwa mlango. "Akiondoka usimuage," alimwonya. "Ukimuaga atajua utamkumbuka."

Fundi aliingia bila hodi. Jua lilikuwa limejaa dirishani na bado ndani palikuwa na ubaridi wa chuma, na vikombe viwili vilikuwa mezani ingawa yeye hakuviweka, na alipoikunjua ile karatasi ya ofa, sasa imesahihishwa, ikatetemeka ikafanya sauti, na sauti hiyo ikajibiwa juu, kile kitu kikaanza kuja juu ya mbao kwa haraka, si polepole kama siku zote, kwa haraka, kama mtu anayemkimbilia mwenzake, kikasimama juu ya kichwa chake, mbao zikabonyea kidogo, vumbi la chuma likamnyeshea mabegani.

"Umekula?" ikauliza.

"Watakaokaa," akasoma Fundi, na ulimi ulikuwa mzito. "Mmoja."

Kimya.

"Mke wangu hayuko njiani. Mke wangu..." Alishika meza. "Mke wangu alikufa. Alikufa mwaka wa nne sasa, mkono wake umo ndani ya mkono wangu. Niliandika uongo."

Kisha ile sauti ikasema, ndogo kabisa, "Na mimi?"

"Wewe sikukuita."

Kilichofuata Fundi alikitegemea kiwe kishindo, na angekishukuru. Kilikuwa ni kule kuburuta tu, polepole, kurudi pembe ya mbali, kama mtoto aliyeambiwa mchezo umekwisha. Na kilipofika ukingoni, kabla bati halijainuka na kuanguka mara moja, Fundi alifanya kosa ambalo Mama Magodoro hakulisikia. Alinong'ona, "Nenda salama."

Binti na watoto waliingia jioni ile ile. Mzee aliwaeleza ni kitasa kilichakaa, na binti, aliyepekua kila chumba asikute hata kitana cha kike, akaamua kuamini. Basi la Jumatatu liliondoka bila wao. Walikaa siku sita. Kuta zilichorwa, kikombe kimoja kikavunjwa, na mzee alilala kila usiku akisikiliza pumzi za watu watatu kupitia ukutani. Siku ya saba aliwasindikiza kituoni.

"Tutarudi likizo ya mwisho wa mwaka, baba."

Ilikuwa mwezi wa tatu.

Mchana ule aliufungua mlango. "Hodi," mdomo ukasema. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu, na vyote vilinyamaza. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya kumi aliona ameanza kuchelewesha chakula ili asirudi. Siku ya kumi na nne alisimama mlangoni akabisha mara mbili, kisha akaona aibu, akaingia kwa kunyata ndani ya nyumba yake.

Siku ya kumi na tisa mteja alileta ufunguo wa stoo, akataka wa kufanana nao, mmoja. Fundi alichonga, akampa, mteja akaenda zake. Mashine ilikuwa bado inazunguka. Mikono yake ikachukua kipande kingine kitupu, na macho yalipokuja kutazama, meno yalishachongwa yote, na hayakuwa ya stoo.

Asubuhi iliyofuata alipanda juu ya kiti, akauweka ule ufunguo mpya kwenye ukingo wa mlango mdogo wa dari. Akashuka. Akaenda kazini.

Saa saba alisimama nje, jua kichwani. "Hodi," alisema. Kimya. "Hodi." Kimya. Alikuwa anaingiza mkono mfukoni kitasa kilipozunguka kwa ndani, mzunguko mmoja, wa pili, kwa uangalifu, kama kinavyozungushwa na mtu mwenye ufunguo mpya.

Jumapili jioni binti alipiga simu.

"Baba, umekula?"

"Tumekula," alisema mzee.

"Mmekula nini?"

"Chakula," ikajibu sauti, na haikuwa ya baba yake.